Gari la Mkononi, Kahawa Ingali Maua

Watanzania tuna namna yetu ya kuhesabu umri wa gari. Hatuulizi limetengenezwa mwaka gani, tunauliza ni namba gani. "Namba D," anajibu mwenye gari, nasi tunatikisa kichwa kama vile limezaliwa juzi, ilhali herufi ile inasema tu lini lilisajiliwa hapa kwetu. Gari la mwaka 2001 linaweza kuzeeka Japani miaka 15, likashuka bandarini Dar es Salaam, likapewa namba mpya na kuanza utoto upya. Hakuna anayeona ajabu. Kilomita peke yake ndizo zinazoendelea kukumbuka, ndiyo maana watu wanazichezea.

Nimelazimika kuyafikiria haya kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume. Ni mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Kyerwa, ana miaka 28, na anataka kununua Toyota Altezza. "Dada, nipe akili," aliniandikia, akaambatanisha picha saba. Sita za gari, moja ya dashibodi. Dashibodi inasoma 231,000.

Kwa asiyeijua, Altezza ni sedani ndogo iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Anayoitaka yeye ni RS200, yenye injini ya 3S-GE ya lita 2 na giaboksi ya mkono ya gia sita. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 210, nyingi kwa injini ndogo isiyo na taabo. Wajapani waliitangaza gari la mwaka wa 1998 hadi 1999. Tumbo lake liko chini, halifiki sentimita 15 kutoka ardhini. Mama alipoonyeshwa picha aliuliza swali moja tu: mkungu wa ndizi utaingia? Utaingia, kwenye buti, ukikatwa vichane.

Hili analolitaka liko Omurushaka, na mwenyewe anasema milioni 9 na nusu. Kuna jingine Bukoba, la mwaka huohuo wa 2001, rangi inang'aa zaidi, dashibodi inasoma 89,000, na dalali anataka milioni 12 na nusu. Marafiki zake wote wanamwambia ajikaze afikie lile la Bukoba. Laki mbili na thelathini na moja, wanasema, hiyo ni maiti inayotembea.

Mimi nilichukua kikokotoo. Kilomita 89,000 ukizigawa kwa miaka 24 unapata kama 10 kwa siku. Gari la spoti, lililopita mikononi mwa vijana wa nchi mbili, limekuwa likienda kilomita 10 kwa siku kama gari la askofu mstaafu. Inawezekana. Kuna wazee Japani ambao gari lao hutoka Jumapili tu. Lakini mtu anayeishi Kayanga akienda Bukoba na kurudi mara moja kwa wiki anapitisha kilomita 10,000 kwa mwaka bila kujihimu, na gari la Bukoba limekuwa hapa nchini miaka tisa. Lile la Omurushaka, kwa hesabu hiyohiyo, limekwenda kilomita 26 kwa siku. Hayo ni maisha ninayoweza kuyaamini. Na mwenye gari ana daftari. Ni daftari la shule la kurasa 48, ameandika tarehe, kilomita, na alichobadilisha: oili, plagi, shokapu za mbele, klachi, mkanda wa taimingi kwenye 198,000. Kwenye ukurasa mmoja ameandika kwamba giaboksi inakataa gia ya pili asubuhi kukiwa na baridi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu gia ya pili. Ameandika tu.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa, na mwaka 2001 alishiriki tuzo ya Nobel kwa sababu yake. Hoja yake anaielewa yeyote aliyewahi kusimama kwenye yadi ya magari akijifanya anajua kusikiliza injini. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya kubahatisha, iliyo katikati. Bei hiyo inamwonea mwenye gari zuri na inampendelea mwenye gari bovu. Taratibu wenye magari mazuri wanayaondoa sokoni, na yaliyobaki yanazidi kuwa mabovu.

Kuna jambo moja ambalo mfano wetu unaliongezea uchungu. Sisi wanunuzi hatujakaa pale kama wahanga tu. Tumeamua kwa pamoja kwamba namba kubwa ni aibu, kwa hiyo tumemfundisha muuzaji kuirudisha nyuma. Anayeacha 231,000 isomeke kama ilivyo anapoteza milioni tatu mbele ya mwenzake. Ukweli wake unakuwa kodi anayoilipa peke yake. Nikiwa mnunuzi ninayekimbilia 89,000 huku moyoni najua haiwezekani, mimi ndiye ninayelipia uongo ule, tena bei ya juu, na kesho ninalalamika kwamba Watanzania si waaminifu.

Hata sheria imekata tamaa na kilomita. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda, ng'ambo ya mto hapo Murongo, tangu 2018 imekataza yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikatazi, ila gari dogo lililozidi miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu. Zote tatu zinahesabu umri. Nadhani ni kwa sababu umri una karatasi. Kilomita zina neno la mtu.

Watu wa kahawa wanalijua hili bila kusoma Akerlof. Mama huchuma mbivu tu, anarudi kwenye mti uleule mara tatu, anaanika juu ya turubai, anageuza, anakimbia nalo mvua ikitishia. Jirani anakamua tawi zima kwa mkupuo mmoja, mbivu na mbichi, anaanika kwenye udongo. Zote zikiwa kahawa ya maganda, zikitiwa kwenye gunia na kuwekwa mzanini, kilo ni kilo. Ikiwa bei ni moja, mama analipwa kidogo kwa kazi kubwa, na jirani kinyume chake. Miaka fulani mama aliacha kurudi mara tatu. Sikumlaumu. Lakini aliyeendelea kuchuma mbivu katika miaka hiyo alikuwa akilinda kitu ambacho sote tulikitegemea, bila malipo, kama yule mtu wa Omurushaka na daftari lake.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa mdogo wangu lilikuwa fupi. Kati ya haya mawili, chukua lenye kilomita nyingi. Mpeleke fundi asiyejuana na muuzaji, alinyanyue, apime mgandamizo wa kila silinda, aangalie kama mkanda ule wa 198,000 kweli ulibadilishwa, maana kwenye injini ya aina hii ukikatika ukiwa mwendoni valvu zinaweza kugonga pistoni na mchezo ukaishia hapo. Usilipe hata shilingi ya kukata utepe kabla ya hapo.

Ndipo wakaja wanaoona kwamba swali ni jingine kabisa. Mjomba wetu kwanza. Kwa nini mwalimu anunue gari la kukimbia mahali ambapo njia nyingi za wilaya ni changarawe na vumbi, na msimu wa masika ni tope? Si anunue pikipiki, au pick-up ya kubebea kahawa na ndizi? Hoja hii inaonekana ya busara, na hapa nyumbani ikisemwa na mtu mzima huwa haijibiwi.

Mimi naijibu. Bweranyange, uliokuwa mji wa wafalme wa Karagwe, miongoni mwa vitu vya enzi vilivyohifadhiwa kulikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Ufalme ule ulikuwa na ng'ombe wa kweli vilima vizima. Speke na Grant walipompitia Rumanyika mwaka 1861 waliikuta nchi ya mifugo. Bado mtu aliketi kwenye moto, akatumia chuma ambacho kingetoa majembe, akafua ng'ombe asiyekamuliwa. Hata ng'ombe wa nyama na damu, wale wenye pembe ndefu, hawakuthaminiwa kwa ndoo ya maziwa peke yake. Wangehesabiwa kwa maziwa, pembe zile zingekuwa mzigo. Watu wa huku hawajawahi kuwa watu wa manufaa matupu, na sioni kwa nini kijana wa Kyerwa aambiwe kwamba kupenda chuma kilichofanywa vizuri ni mambo ya wazungu au ya watoto wa Masaki. Anaporudi na gari la mtu kutoka Bukoba, anakata kona za Kyaka kupanda kuelekea Bugene kwenye lami, anasikia injini ikipanda hadi mizunguko 7,000, anachosikia ni kazi ya mikono ya watu waliojali. Furaha hiyo haihitaji kibali cha mjomba.

Kasi ni suala tofauti. Barabara ile haina waya wala ukingo. Ina watoto wa shule wanaorudi wanne wanne, baiskeli zilizopakiwa mikungu mpaka mwendeshaji haonekani, bodaboda zisizo na taa ya nyuma. Kibao cha 50 kikiwa mbele ya kijiji, farasi 210 hazina la kusema. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba anawafundisha watoto haohao. Tukaliacha.

Swali gumu lilitokea baadaye, kwenye mstari wa mwisho wa ujumbe mrefu, mahali ambapo watu huweka mambo wanayotaka yapite bila kuonekana. Ana milioni 6. Iliyobaki, milioni 3 na nusu, mtu mmoja yuko tayari kumpa sasa hivi, kwa butura.

Butura ni kuuza kahawa ingali maua, au ingali kijani mtini. Mwenye fedha anakuja miezi mingi kabla ya msimu, mkulima ana mgonjwa, ana ada, ana msiba; anapewa fedha taslimu, na mavuno yanakuwa si yake tena. Bei inakuwa ya mtu mwenye shida. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi. Kahawa inatakiwa ipite kwenye vyama vya msingi na kwenda kwenye chama kikuu, kwa Karagwe na Kyerwa ni KDCU, na siku hizi iuzwe mnadani. Marufuku ipo, butura ipo. Shida haisubiri mnada.

Cicero, Mrumi, katika kitabu chake cha mwisho kuhusu wajibu, anauliza habari ya mfanyabiashara mmoja. Anatoka Aleksandria na shehena ya nafaka, anafika Rodo, watu wana njaa na bei iko juu. Njiani ameona meli nyingine nyingi zinakuja nyuma yake. Je, awaambie? Diogenes wa Babeli anasema si lazima. Sheria inamtaka ataje kasoro ya bidhaa yake, haimtaki aseme kila anachokijua. Antipater, mwanafunzi wake, anasema lazima, kwa sababu hujazaliwa peke yako. Cicero anakubaliana na Antipater. Mimi nilizoea kuuona mjadala huo kama wa watu wenye nafasi ya kukaa na kubishana, mpaka nilipoitazama butura. Mwaka 2024 bei ya robusta kwenye soko la London ilipanda kupita ilivyowahi kuonekana kwa miongo mingi. Aliyekuja kwenye kibanja na fedha mfukoni alikuwa na simu na aliijua bei hiyo. Mwenye kibanja aliijua bei ya mwaka jana. Yule anamwona meli zikija, anakaa kimya, na hata Diogenes hamkuti na hatia, maana maua hayana kasoro yoyote.

Tazama basi jinsi mambo mawili yalivyokaa. Omurushaka kuna mtu anayeuza gari, amesema zaidi ya alivyoulizwa. Nyumbani kuna mtu anayenunua kahawa, anasema pungufu ya anavyojua. Mdogo wangu angeutumia unyonge wa biashara ya pili kulipia uungwana wa kwanza. Gari angelipata kwa njia safi. Fedha ndiyo ingekuwa na kilomita zilizorudishwa.

Alipinga. Yeye ndiye mrithi. Baba alipofariki ukoo ulimtaja yeye kuwa omusika, na kibanja kiko chini ya jina lake. Kahawa ni yake kuuza leo au kesho. Kimila ana hoja. Lakini mila zetu za Kagera kuhusu nani ana sauti juu ya kibanja zimekwisha kufika mbele ya jaji. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alikataa kanuni iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi huku ikimruhusu mwanamume, kwa kuwa inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Shauri lile lilihusu ardhi, halikuhusu maua ya kahawa. Nililitaja ili tu akumbuke kwamba neno "yangu" kwenye kibanja limewahi kuulizwa maswali na watu wenye majoho. Anayepalilia ni mama. Wanaochuma ni mama na mdogo wetu wa mwisho, ambaye ada yake ya chuo cha uuguzi hutoka kwenye kahawa hiyohiyo. Kwa bei ya msimu uliopita, anachotaka kukitoa kwa milioni 3 na nusu kingefika karibu 7. Ile tofauti isingekuwa yake peke yake kuitupa.

Akaniuliza swali zuri, na nimelibeba wiki nzima. "Dada, ingekuwa kahawa ni yangu mwenyewe, sina mama, sina mdogo, ungesemaje?"

Nilitaka kujibu haraka kwamba hapo ni shauri lako. Sijaweza. Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984 alijenga hoja kwamba mimi wa miaka ijayo ana undugu na mimi wa leo, ila undugu huo una viwango, unaweza kupungua kama wa mtu na jirani yake. Kwa hiyo kujidhulumu wa kesho kunaanza kufanana na kumdhulumu mtu. Kwenye vitabu hoja hii huonekana ya ajabu. Kwenye butura haina ajabu yoyote: nimewaona watu wazima wakisimama pembeni ya kahawa yao wenyewe mwezi wa saba, mtu mwingine anaichuma, na nyuso zao ni za wageni. Walioichukua fedha mwezi wa kumi walikuwa watu wengine kidogo. Walikuwa na haja nyingine, na haja ile imeshasahaulika au imeshazikwa.

Lakini siwezi kwenda na Parfit hadi mwisho wa safari. Mtu asiyeruhusiwa kumkopa hata kidogo yule atakayekuwa, hatapanda hata mbuni, maana mbuni nao ni kumfanyisha kazi leo kwa ajili ya mwingine. Tunakopeshana na nafsi zetu huku na huku, na mwalimu wa miaka 28 anaweza kweli kumwambia yule wa miaka 29: nilipe deni hili, nami nitakuachia kumbukumbu ya kona za Kyaka. Ningemruhusu. Ningemkataza tu kukopa kwa bei ya mtu aliyefiwa, kwa sababu yeye hajafiwa. Nadhani butura inavumilika, kama inavumilika, kwa sababu ya kitanda cha hospitali kilicho nyuma yake. Ukiiondoa shida, ukaweka hamu badala yake, unajitendea vile mchuuzi asingethubutu kukutendea bila kwanza kuhakikisha una shida. Hamu inaweza kusubiri. Kati ya sifa zake hiyo ndiyo inayoitofautisha na homa ya mtoto.

Hivyo nilimwandikia, kwa maneno machache kuliko haya. Nikaongeza kwamba gari la kilomita 231,000 halitaharibika kwa kusubiri msimu mmoja zaidi, na kwamba kama kuna mtu wa kuzungumza naye kuhusu kulipa nusu sasa na nusu baada ya mnada, ni huyu mwenye kuandika makosa ya gari lake kwenye daftari.

Ameenda Omurushaka Jumamosi na fundi kutoka Kayanga. Silinda tatu ziko vizuri, ya nne imepungua kidogo. Mkanda ni mpya kama ilivyoandikwa. Gia ya pili ilikataa, kwa kuwa walifika asubuhi na kulikuwa na baridi. Mwenye gari amesikiliza habari ya nusu kwa nusu, hajakubali na hajakataa. Amesema ana mtu mwingine Bukoba aliyempigia mara mbili, atatoa jibu mwisho wa mwezi.